Huzuni imekwisha, kichwa bado kizito: wenye sonona, kazini mnafanyaje?

Wakala_Malaba (mwanzisha uzi)

Habari za jioni, ndugu zangu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Kuna jambo moja la sonona (depresheni) ambalo kliniki hawaligusi. Ukienda unaulizwa kama unalala, kama unakula, kama bado unawaza kufa. Ukijibu kwamba usingizi umerudi, chakula kinapita na kufa hutaki tena, unaandikiwa nafuu na tarehe ya kurudi. Basi. Kama kazi uliyokuwa ukiifanya bado unaiweza, hilo ni lako na bosi wako.

Mimi ni wakala wa forodha hapa mpakani Malaba, upande wa Uganda. Kwa asiyeijua kazi hii: lori linatoka Mombasa, mimi natayarisha tamko la mzigo kwenye ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa mamlaka ya kodi (URA), kodi inalipwa, dereva anaendelea na safari yake ya Kampala. Ni kazi ya namba asubuhi hadi jioni. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba. Zamani nilikuwa naitupia jicho mara moja, naichapa huku napiga soga na dereva dirishani. Siku hizi naisoma, nageukia kompyuta, tarakimu za katikati zimeshayeyuka. Narudi kwenye karatasi, nazisoma mbilimbili huku nimeziwekea kidole. Mtu akinisalimia katikati, naanza upya. Na tarakimu moja ikiingia vibaya, tamko linakwama, lori linalala uani, mwenye mzigo anapiga simu hadi betri inakwisha.

Huzuni sina. Nasisitiza, maana najua mtaniambia bado naumwa. Nacheka, mpira naangalia, watoto nawachapia hadithi za uongo kama zamani. Kilichobaki ni uzito wa kufikiri. Watu watatu wakiongea pamoja nashindwa kufuata. Kuamua nianze na faili lipi kati ya mawili kunanichosha kuliko kuyafanya yote mawili.

Mwajiri wangu alivumilia kidogo, akanishusha hadi kupeleka makaratasi, mwisho akaniambia nikapumzike. Nilifukuzwa kwa lugha tamu. Sasa nachukua kazi ndogondogo peke yangu, na nimemwajiri kijana mmoja anisomee namba kwa sauti nami nichape. Inakwenda, ila faida tunagawana.

Nimetafuta nikajua siko peke yangu. Watafiti wa Uholanzi waliwafuatilia wagonjwa wa sonona kwa miaka 3, wakatoa ripoti 2011. Mtu akiwa ndani ya ugonjwa, matatizo ya kufikiri yalikuwepo kati ya asilimia 85 na 94 ya muda wote. Akishahesabiwa amepona, bado yalikuwepo asilimia 39 hadi 44 ya muda. Yaani karibu nusu ya maisha ya "aliyepona" anaishi na kichwa hiki ninachokisema.

Sasa naomba kusikia kwenu. Nani amerudi kazini akaweza, na aliwezaje? Na hii hali, kisheria, ni ugonjwa au ni ulemavu?

Jogoo_la_Busia

Ssebo, huo ni umri na simu. Mimi pia nasahau nilipoweka funguo na sijawahi kumwona daktari wa akili. Kula samaki, lala mapema, punguza kuperuzi.

Wakala_Malaba

Mzee Jogoo, ukisahau funguo unazitafuta zinapatikana. Mimi nasahau sentensi nikiwa katikati ya kuisema. Samaki nakula.

Musawo_Elgon

Ndugu Wakala, mimi ni muuguzi wa magonjwa ya akili katika hospitali moja ya rufaa huku mashariki. Umesema kliniki haliguswi. Nina la kuongeza, na halitusafishi sisi.

Kwenye karatasi liko. Dodoso la PHQ-9 tunalotumia kupima sonona lina maswali tisa, na la 7 linauliza kuhusu kushindwa kutuliza akili, likitoa mfano wa kusoma gazeti au kutazama televisheni. Sasa mtu anaweza kutazama televisheni vizuri kabisa na bado asiiweze namba ya kontena. Halafu baada ya yale tisa kuna swali la mwisho ambalo halina alama: matatizo haya yamekuzuia kiasi gani kufanya kazi, kushughulikia mambo ya nyumbani na kuelewana na watu? Foleni ikiwa imefika mlangoni, tunajumlisha alama za tisa, lile la mwisho linarukwa. Ndilo swali lako lote lilipo.

Mjue pia kwamba ugumu wa kufikiri na kuamua ni mojawapo ya dalili tisa zenyewe za sonona. Haukuja na uvivu wala na ulegevu wa imani. Mwaka 2019 watafiti walijumlisha tafiti 252 wakaona kwamba baada ya huzuni kuondoka, umakini, kumbukumbu ya papo hapo (ile ya kushika namba unapogeuza shingo) na kumbukumbu ya muda mrefu bado viko chini. Waliougua mara nyingi walikuwa na hali mbaya zaidi. Kwa hiyo anayeacha dawa kila akijisikia vizuri, akaanguka, akarudi, akaacha tena, kila duru inamwachia deni.

Ila kabla hamjalaumu sonona peke yake, tazameni vidonge. Vituo vyetu vingi vina amitriptilini, dawa ya sonona, kwa sababu ni ya zamani na ni ya bei nafuu. Inasaidia, nimeona ikiwanyanyua watu. Lakini inazuia kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo ubongo unaihitaji kuhifadhi mambo. Ndiyo maana mdomo unakauka, choo kinakuwa kigumu, na kichwa kinajaa ukungu. Artane, wanayopewa wanaotetemeka kwa dawa za kutuliza, inafanya vilevile. Diazepam nayo, hasa mtu akiizoea miezi na miezi. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, haina sana tatizo hilo. Narudia kwa herufi kubwa: USIACHE DAWA GHAFLA KWA SABABU YA UZI HUU. Nenda kaulize kama kuna sababu ya kubadilisha au kupunguza.

Halafu omba upimwe damu. Upungufu wa damu, VVU, tezi ya shingo iliyolegea, vyote vinaleta kichwa kizito kinachofanana na sonona kabisa. Na waragi. Mtu anakunywa jioni ili alale, asubuhi anashangaa kwa nini hakumbuki.

Bi_Nyendo

Musawo asante sana. Mimi ni wa Masaka, Kiswahili nilikipata Mutukula kwenye biashara ya vitenge, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi niliponea kwenye kikundi. Wanawake tunakaa chini, kila mtu anasema lililomkuta, tunatafuta pamoja la kufanya. Huku kwetu Masaka na Rakai ndiko jambo hili lilijaribiwa kwa utafiti, vijiji 30, wanaume na vikundi vyao, wanawake na vyao, kila wiki kwa wiki 16. Matokeo yakachapishwa 2003. Kabla, katika vijiji vilivyopata vikundi, asilimia 86 ya waliochaguliwa walikuwa na sonona. Baadaye ilibaki asilimia 6.5. Vijiji ambavyo havikupata, ilibaki asilimia 54.7. Watu wa kawaida ndio walioongoza vikundi, si madaktari.

Kilichonifurahisha ni kwamba hawakupima machozi tu. Kwanza waliwauliza wenyeji: mwanamke mzima huku anatakiwa aweze kufanya nini? Na mwanamume? Wakaandika kazi za kweli, za shamba, za nyumba, za kushiriki mambo ya kijiji, kisha wakapima kama mtu ameweza kuzirudia. Wengi waliweza zaidi kuliko mwanzo. Kwa hiyo Wakala, swali lako liliulizwa Uganda zaidi ya miaka 20 iliyopita. Sijui liliishia wapi njiani kabla ya kufika kliniki yako.

Kazini mimi nilikuwa nikipima kitenge mteja akizungumza, yadi zinanipotea. Nne au tano? Nikipunja, anasema mimi mwizi. Nikizidisha, nala mtaji. Sasa nina kopo mezani na vifuniko vya soda. Kila yadi ikipita, kifuniko kimoja kinaingia kopo. Nikimaliza nahesabu vifuniko, wala sijali mteja amesema nini katikati. Wateja wapya wanashangaa, wa zamani wanahesabu pamoja nami. Bei zote nimeziandika kwenye kadibodi ukutani, hata zile ninazozijua, kwa sababu siku kichwa kikigoma hakitoi taarifa.

Jogoo_la_Busia

Vifuniko vya soda hiyo nimeikubali. Nitaiiba.

Safari_Nakivale

Jambo bandugu. Mimi niko kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nimetoka Uvira, Kongo. Niruhusuni niseme kitu ambacho si cha kazi lakini ni hicho hicho.

Mkimbizi anaishi kwa kuulizwa. Ulitoka tarehe gani? Nani alikuwa na wewe? Ulipita njia gani? Unasema leo, unaulizwa tena mwaka ujao na mtu mwingine, na majibu yanawekwa pamoja kuangalia kama yanafanana. Yangu hayakufanana. Mara ya kwanza nilisema tuliondoka usiku wa mvua, mara ya pili sikuikumbuka mvua. Nakumbuka tulikimbia, nakumbuka hofu. Siku yenyewe, saa yenyewe, ni kama imefutwa. Aliyekuwa ananiuliza aliangalia karatasi, akaniangalia mimi, nikajua amenihesabu mwongo. Nilikuwa tayari niko na dawa za depresheni wakati ule. Hakuna aliyeunganisha hayo mawili.

Hata kwenye darasa la Kiingereza ni hivyo. Mwalimu akiuliza, jibu liko, lakini linafika wakati yeye ameshamuuliza mwingine.

Musawo_Elgon

Ndugu Safari, pole sana. Hilo lina utafiti wake wa miaka mingi. Tangu 1986 watafiti wa Uingereza waliona kwamba watu waliojaribu kujiua, wakiombwa wakumbuke tukio moja mahususi, wanaleta kumbukumbu ya jumla: "nilikuwa nagombana na baba", badala ya "Jumapili ile baba alipovunja kikombe". Baadaye likaonekana wazi kwa wenye sonona. Mtu hadanganyi. Kumbukumbu zake zimebaki kwa ujumla, zile ndogondogo hazitoki. Ukiitwa tena, mwombe anayekutibu akuandikie barua inayosema hivyo, na uitoe KABLA ya maswali kuanza. Baada ya majibu kugongana itaonekana ni kisingizio.

Wakili_Nateete

Nilikuwa nasoma kimya. Ngoja nijibu swali la pili la mwanzisha uzi, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mfanyakazi mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza. Ugonjwa ukiendelea hadi mwezi wa pili kwisha, mwajiri anaruhusiwa kuvunja mkataba, mradi amelipa kila kilichomo kwenye mkataba hadi siku hiyo. Miezi miwili. Inatosha malaria, inatosha mguu uliovunjika vizuri. Kwa sonona haitoshi. Waholanzi hao hao wana utafiti mwingine unaoonyesha nusu ya watu walipona ndani ya miezi 3, lakini mmoja katika kila watano alikuwa bado hajapona baada ya miezi 24. Ukibaki kwenye kapu la "mgonjwa", sheria inakuchoka upesi.

Ulemavu ni kapu lingine. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na mkataba huo unataja kasoro za muda mrefu za mwili, za akili na za hisi, zinapokutana na vizuizi vya jamii. Kifungu cha 27 kinadai nchi zihakikishe marekebisho yanayofaa yanafanyika kazini. Tuna pia Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inayokataza ubaguzi katika ajira. Yule kijana anayekusomea namba, Wakala, hayo ndiyo marekebisho yanayofaa. Umeyalipia mwenyewe kutoka mfukoni wakati yalipaswa kuzungumzwa kwenye ofisi uliyofukuzwa.

Na pesa. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ina fao la kushindwa kufanya kazi, linalotaka ripoti ya daktari. Aidha tangu marekebisho ya 2022, mwanachama wa kawaida mwenye miaka 45 na michango ya miaka 10 anaweza kutoa asilimia 20 ya akiba yake. Mwenye ulemavu anaanza akiwa na miaka 40, na anatoa asilimia 50. Ulizeni tofauti hiyo inanunua nini.

Afande_Mstaafu

Wakili, kwenye karatasi uko sawa. Lakini tuwe wakweli. Kampala hii, ukipeleka kwa mwajiri barua yenye muhuri wa Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, umekwisha. Hospitali ile ipo tangu 1955 na hadi leo mtu akitaka kukutukana anakuambia "nenda Butabika". Nina kijana wangu aliyetibiwa, akapona, akafanya usaili wa ulinzi, akaeleza ukweli. Hawakumpigia simu hadi leo. Mimi nimemkataza kujiandikisha ulemavu. Bora aonekane mzito kuliko aonekane mwendawazimu.

Wakili_Nateete

Afande, nakuheshimu, na hilo la usaili nimeliona mara nyingi. Usaili siyo mahali pa kutoa historia ya matibabu. Lakini aliyeko kazini tayari na ameanza kukosea ana uamuzi mwingine kabisa. Akinyamaza, faili lake linajaa barua za onyo za uzembe. Siku ya kufukuzwa tunakwenda kwa afisa wa kazi na faili linasema mzembe, hakuna mahali linaposema mgonjwa. Hapo sina cha kumtetea nacho. Na barua si lazima itoke Butabika. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, Mbale, Masaka, Mbarara, Gulu. Muhuri unakuwa wa hospitali ya kawaida.

Afande_Mstaafu

Hilo la muhuri sikulifikiria. Bado kwa kijana wangu nasema hapana.

Wakala_Malaba

Ndugu zangu, nimesoma yote mara mbili, na kwa mimi kusoma mara mbili ni kazi ya jioni nzima.

Afande, naelewa hofu yako. Mpakani watu wanajuana, neno likitoka asubuhi, saa sita liko Busia. Lakini mimi nimeshapoteza kile ambacho ukimya ungenilindia. Nina miaka 42 na michango yangu imepita miaka 10. Nusu ya akiba ile ingenitosha kununua kompyuta nzuri yenye skrini mbili, nikaweka karatasi upande huu na mfumo upande huu, nisigeuze shingo. Sitaki kuitwa mlemavu kwenye harusi. Kwenye dirisha la NSSF wakiniita hivyo sina shida.

Musawo, barua iandikwe nini? Iliyopo kwenye faili langu inasema "sonona, anaendelea vizuri".

Musawo_Elgon

Barua hiyo itakuua njaa. "Anaendelea vizuri" maana yake hisia zako. Mwombe daktari aandike ugonjwa, umeanza lini, umerudi mara ngapi, kisha kwa kifungu chake aandike kazi gani za kila siku huziwezi au unazifanya kwa msaada, na tangu lini. Usimwachie akumbuke yeye. Nenda na orodha, na uende na yule kijana wako, aseme alichokiona. Ndugu wa mgonjwa au mtu wa kazini ananiambia mambo ambayo mgonjwa mwenyewe anaona aibu kuyasema.

Tena mfahamu kuwa sonona si jambo dogo kwenye hesabu za ulemavu. Wanaopima mzigo wa magonjwa duniani hutumia kipimo cha 0, afya kamili, hadi 1, sawa na kifo. Upofu umepewa 0.187. Sonona kali 0.658. Yenu nyinyi mnaoongea hapa si kali tena, lakini anayesema "huyo hana kitu, miguu anayo" hajaona namba hizo.

Bi_Nyendo

Musawo, la mwisho kabla sijalala. Hiyo amitriptilini ninayo mimi, nusu kidonge, niliandikiwa kwa usingizi na haikupunguzwa tena. Naimeza asubuhi ili nisiisahau. Nihamishie usiku?

Musawo_Elgon

Nnyabo, asubuhi ndiyo unakwenda nayo dukani! Kwa kawaida humezwa usiku. Ya leo umeshameza, usiongeze nyingine. Kesho asubuhi usiimeze, pita kwanza kituoni na pakiti mkononi, waambie unataka kuihamishia usiku, na uwaulize kama bado unaihitaji. Kama una tatizo la moyo au presha ya macho, anza kulisema hilo.

Bi_Nyendo

Nimeandika kwenye kadibodi.